Usikalie Kiti Changu

Naliaka mwanangu,

Sitakuuliza kama u mzima, maana asubuhi nilikuacha ukila viazi vya jana kwa hasira, na mgonjwa hali hivyo. Mimi niko kazini. Ndiyo, hata leo. Ni siku yako ya mwisho nyumbani, na mama yako ameketi mbele ya kompyuta huku mashine ikikata bamba la chuma ambalo mwenye trela analitaka Jumatatu. Nilimwomba Mzee Tanui aniachie nusu siku. Hakukataa. Aliniuliza tu, "Na hapa atakaa nani?" kisha akanitazama kwa upole, nami nikarudi kuketi. Huyu bosi hajawahi kuninyima ruhusa tangu nimjue. Huwa ananiuliza swali hilo, basi.

Bamba lenyewe ni nene na mashine inaenda polepole, kwa hivyo nina nafasi ya kukuandikia. Karatasi nimezichomoa kwenye printa, usimwambie mtu. Mambo ya kuchemsha maji ya kunywa, kufunga mlango na kutomwazima mtu simu, baba yako ameyashughulikia tangu juzi na naona bado anaendelea. Mimi nataka kukujibu neno moja tu, lile uliloniambia jana tukiosha vyombo.

Ulisema, "Mama, wacha mimi nibaki. Wewe uende ukakae na Kukhu. Kazi ya Athi River haitahama."

Nilikuambia sufuria haijasuuzwa vizuri, nawe ukaisuuza tena, na sote wawili tulijua ilikuwa safi. Nisamehe kwa hiyo sufuria. Ningefungua mdomo kusema jambo lingine lolote, ningesema sawa, baki.

Nilitaka sana kusema hivyo. Tangu Kukhu aanguke jikoni kwake Kimilili akavunjika nyonga, sijapata usingizi wa maana. Mke wa mjomba wako ndiye anayemgeuza, ndiye anayemwosha na kumlisha, na amechoka, na ana haki ya kuchoka kwa sababu yule si mama yake, ni mama yangu. Nami niko hapa Eldoret, mahali ambapo ukitoka asubuhi unafika Kimilili kabla ya chakula cha mchana, na siwezi kwenda. Mzee Tanui ameshatuambia tukiwa wote wawili: siku Naliaka atakapokalia hiki kiti, mimi niko huru kwenda kumuuguza mama yangu hata mwaka mzima. Kwa hivyo jana ulipotaka kubaki ulikuwa unanifungulia mlango. Ninauona mlango huo mpaka sasa ninapoandika, na nina hamu ya kuupita.

Ila ngoja kwanza nikueleze jinsi nilivyojifungia humu. Hadithi unayoijua ni ile ninayowasimulia wageni, na ile nimeipamba.

Mimi nililetwa hapa kuandika risiti na kupokea simu. Wewe ulikuwa darasa la kwanza. Siku hizo mafundi walikuwa wanachora vipande juu ya bamba kwa chaki, wakifuatisha violezo vya mbao, halafu wanakata kwa gesi. Nyuma ya karakana kulikuwa na rundo la vyuma vilivyobaki, refu kuliko mtu, na kuku wa jirani walikuwa wanataga humo. Ndipo Mzee akanunua hii mashine ya plasma, inayokata chuma kwa moto wa umeme, pamoja na programu ya kupanga vipande, hiyo tunayoiita nesting. Unaiambia unataka vipande gani na vingapi, nayo inavipanga juu ya bamba lililoko kwenye skrini, inavigeuza na kuvibananisha mpaka chuma cha kupotea kinakuwa kidogo, kisha mashine inakata vilevile vilivyopangwa. Mtu aliyetoka Nairobi kuifunga alikaa siku mbili kutufundisha. Mafundi walisimama nyuma wamekunja mikono. Mmoja akasema yeye hakuja mjini kucheza gemu. Mimi nilijifunza kwa sababu kiti kilikuwa changu tayari na nilijua kuchapa.

Mwanzoni nilijiona mtu mkubwa kupita kiasi. Ninabonyeza kitufe, vipande vinajipanga vyenyewe. Mzee alikuwa analeta wageni kuja kutazama skrini, na mimi nilikuwa navaa ile blauzi ya kanisani siku za kazi. Halafu ikaja kazi ya mkulima mmoja wa Moiben, trela ya kubebea ngano, na ndani yake kulikuwa na vishikio vya kukunjwa. Niliiacha programu igeuze kila kishikio itakavyo. Ikavibana vizuri sana, nikajisifu. Vilipofika kwenye mashine ya kukunja, vingine vilikunjika sawasawa, vingine vikapasuka pale pale kwenye mkunjo kama mkate uliokauka. Na vyote vimetoka bamba moja.

Mafundi wakasema chuma ni kibaya. Mzee akampigia simu aliyemuuzia, wakatukanana. Mimi nilirudi kwenye skrini nikaangalia vile vilivyopasuka vilikuwa vimelazwa vipi, nikaona vyote vimelala upande mmoja. Bamba lina mwelekeo wake. Kiwandani lilibanwa na kuvutwa likienda upande mmoja, kwa hivyo mkunjo ukiufuata mwelekeo huo linapasuka kwa urahisi, na ukiukata mwelekeo linavumilia. Yeyote aliyewahi kupasua kuni angenielewa. Lakini programu haijui hayo usipoiambia. Inaona nafasi tu. Inabidi ukifungie kila kishikio mzunguko wake, kilale hivi na kisigeuzwe.

Hilo unalijua kama jina lako. Usilolijua ni nilichofanya baadaye. Nilifunga mzunguko, tukakata upya, vikakunjika vyote, na Mzee akaniuliza nimefanyaje. Nikamwambia nimejaribu-jaribu tu. Wafula, fundi wa kuchomelea ambaye ndiye aliyekuwa akivikunja, akaja naye kuniuliza. Nikamwambia mambo ya kompyuta ni marefu. Si marefu, ni kitufe kimoja na sentensi moja. Lakini nilikuwa mwanamke peke yangu kati ya wanaume, sina cheti cha kazi yoyote, na baba yako wakati ule alikuwa anabahatisha vibarua. Nikawaza, wakishajua ninachojua mimi, watanitakia nini?

Basi nikaanza kuficha. Kila nilichojifunza kwa kuharibu nilikiweka kichwani mwangu peke yangu. Kwamba usibane vipande mno, bamba likipata joto linainuka na kugonga tochi ya plasma. Kwamba tundu la ndani linakatwa kabla ya ukingo wa nje, maana kipande kikishaachana na bamba kinasogea. Mtu akisimama nyuma yangu, napunguza dirisha kwenye skrini. Kuna kipindi nilikuwa natandika leso juu ya kibodi nikienda chooni, utafikiri vitufe vitatoroka. Cheka, hata mimi nacheka. Baada ya muda watu walikoma kuniuliza. Wafula alirudi kwenye moto wake na tukawa tunasalimiana vizuri tu.

Na ilifanya kazi, Naliaka. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Kazi ilipopungua wengine walirudishwa nyumbani, mimi nikabaki. Mshahara ukapanda, tukahama kile chumba kimoja cha Langas, wewe ukasoma. Nilijiona mjanja kuliko wote. Sikuona kwamba mtu asiyeweza kufutwa ndiye huyo huyo asiyeweza kuondoka. Babu yako alipozikwa nilifika jeneza limeshashushwa na watu wanatafuta chai, kwa sababu asubuhi hiyo kulikuwa na bamba lisilokubali na hakuna mwingine wa kulishughulikia. Mjomba wako hajawahi kunisema kwa hilo. Afadhali angenisema.

Halafu ile safari ya Agosti, nilipoenda kumwona Kukhu. Nilirudi mapema nikawaambia kwamba amepata nafuu. Hakuwa amepata nafuu. Nilikuwa namlisha uji, kijiko mkono mmoja na simu nimeibana begani, na upande wa pili Mzee ananisomea anachokiona kwenye skrini. Bonyeza hapo, namwambia. Hapana, rudi nyuma. Uji ukapoa mikononi mwangu. Kukhu akanishika mkono akaniuliza, kwa Kibukusu, kama hiyo simu ndiyo iliyonitolea mahari. Alikuwa anatania, unamjua. Kisha akafumba macho akasema nirudi tu, yeye hataki kuwa sababu ya mashine ya watu kusimama. Nami nikaondoka. Nilipanda gari jioni hiyo hiyo nikalia mpaka Turbo, mama mmoja asiyenijua ananipa njugu ili ninyamaze.

Sasa nikufikie wewe. Ulipomaliza chuo cha ufundi ukakosa kazi, nilikuleta hapa nikakufundisha kila kitu. Sikukuficha hata kimoja. Mafundi walishangaa, Mama Naliaka kumbe ana mdomo. Niliwaza ni mapenzi ya mama, na mapenzi yalikuwepo, sikatai. Lakini pia nilikuwa natafuta mtu wa kunipokea bila ujuzi kutoka nje ya nyumba yetu. Nilikufundisha wewe ili nisimfundishe Wafula. Ndiyo maana leo Mzee Tanui akitafuta mtu wa kukaa hapa anaona majina mawili tu, langu na lako.

Na mambo yakawa mabaya zaidi kwa sababu ulinizidi. Unakumbuka ile milango ya ghala? Mimi niliiacha programu itawanye vipande bamba zima, ikanibakishia wavu wa matundu. Wewe ukafuta kazi yangu bila hata kuniuliza, ukavisukuma vipande vyote upande mmoja, ukabakisha kipande kizima safi upande wa pili. Nikakugombeza. Ukaniambia, "Mama, hii yangu ya kubaki itakata kazi nyingine. Yako ni ya kutupa." Na kweli, wiki iliyofuata tulikitumia kile kipande chako, mimi nikajifanya nimesahau kilitoka wapi. Nakusifu sasa, kwa maandishi, usije ukasema sikuwahi.

Hao wa Athi River nao waliliona hilo walipokuita kwenye usaili wakakupa bamba la kupanga. Uliporudi ulitusimulia mengi, mashine zao, kofia za usalama, chakula cha mchana cha bure ambacho baba yako alikiuliza mara tatu. Halafu ukasema, kama jambo dogo tu, kwamba wako watu kadhaa wanaofanya kazi hii kwenye chumba kimoja, wanaachiana zamu, na mmoja akiugua mwingine anaendelea pale alipoishia mwenzake. Mimi nilitoka nje nikajifanya naanua nguo. Miaka yote hii sikujua kwamba kuna mahali kazi yangu inafanywa hivyo. Nilikuonea wivu, mwanangu. Nilisimama pale kwenye kamba na nguo mbichi mkononi nikakuonea wivu.

Basi jibu langu ni hili. Ukibaki, mimi nitaenda kwa Kukhu na nitafurahi, na sitakudanganya kwamba furaha yenyewe itakuwa ndogo. Nitamwosha mama yangu mwenyewe. Nitamlisha uji ukiwa moto. Na wewe, siku utakayotaka kwenda mahali, arusi ya rafiki, kliniki na mtoto, Mzee Tanui atakuuliza ni nani atakaa hapa, kwa upole huo huo, nawe utarudi kuketi. Siku nitakapoanguka jikoni mimi, utakuja kunilisha simu ikiwa begani. Sitaki. Nenda Athi River.

Najua utauliza, na Kukhu je? Unaniuliza nilichokuwa najiuliza usiku kucha huku baba yako akikoroma. Leo asubuhi, kabla ya kuanza kazi, nilimwita Wafula nikamwambia akae kwenye kiti. Alidhani kuna alichoharibu. Alipangusa mikono kwenye ovaroli kama mtu anayeenda kushika mtoto mchanga. Nikamweleza habari ya vishikio vya Moiben, mwelekeo wa bamba, kufunga mzunguko, yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama Naliaka, hii ungeniambia tu siku ile. Mimi nilifikiria unaniona mjinga." Nilimwonyesha tu mahali pa kubonyeza.

Bamba linalokatwa sasa hivi amelipanga yeye. Amelipanga vibaya, kati ya kipande na kipande ng'ombe anaweza kupita, na Mzee akiliona atakasirika, na nitamwambia ni gharama ya kufundisha. Wafula macho yake hayaoni vizuri karibu, na anaogopa kipanya cha kompyuta kuliko anavyoogopa moto. Itachukua muda mrefu kabla ya kumwachia kazi peke yake. Huenda Kukhu atanisubiri. Huenda asinisubiri. Ndivyo ilivyo, na ni mzigo nilioufunga mwenyewe kwa mikono yangu. Usiubebe wewe. Ukipigiwa simu ukiwa huko uambiwe kwamba mambo yamekuwa mabaya, uje kuzika kama mjukuu, urudi kazini kwako, na usikae chini kuhesabu ni nani angekuwa wapi.

Huko uendako mtu akikuuliza umefanyaje, mwonyeshe. Hata yule atakayekukera, na atakuwepo. Hata yule utakayehisi anataka nafasi yako. Sikuambii hivyo ili uwe mwema, wema utajua mwenyewe. Nakuambia kwa sababu siku moja utataka kusimama uende mahali, na utahitaji kuwe na mtu wa kukuambia nenda, mimi nipo.

Mashine inakaribia kumaliza. Nasikia sauti yake ikibadilika, iko kwenye vile vipande vidogo vya mwisho. Barua hii nitakuwekea juu ya mto wako nikifika, uisome ukiwa peke yako, na usije chumbani kwangu kuijibu. Siwezi kukuambia haya uso kwa uso, kwa sababu mdomo wangu hauko upande wako.

Kesho ni Jumapili, karakana imefungwa, kwa hivyo nitakuja na baba yako kukusindikiza. Najijua. Nitakuwa sawa mpaka wapakie sanduku. Nitakutengeneza kola, nitamkemea kondakta kuhusu kiti chako, nitaongea sana. Halafu injini ikiwashwa nitakushika mkono na nitakuambia nimebadilisha mawazo, ubaki hata mwezi mmoja tu, mama yangu yuko kitandani na mimi sina mtu mwingine. Nitalia, na sitakuwa naigiza, kila neno litakuwa la kweli. Usinisikilize, Naliaka. Toa mkono wako kwenye wangu, hata kama itabidi uuvute kwa nguvu, upande gari, na ukakae upande ule ambao sitaweza kukuona.

Mimi,
Mama yako